Kuogelea Mpaka Kutosheka

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani. Mchora ramani aliambiwa asubiri sherehe ya uzinduzi kwanza, na mpaka leo bado anasubiri. Ni nchi nzuri tu. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, na ina Serikali inayowapenda mno watu wake wenye ulemavu. Nayasema haya kwa uhakika kwa sababu nilikuwa karani katika Idara ya Starehe Maalumu, na kazi yangu ilikuwa kuchapa barua zinazoeleza upendo huo.

Idara yetu iliundwa baada ya Serikali kugundua kwamba watu wenye ulemavu, mbali na kuhitaji matibabu, shule na kazi, mambo ambayo yalikuwa bado yanafanyiwa utafiti, wanahitaji pia kustarehe. Waliofanya ugunduzi huo ni wajumbe kumi na wawili. Walitumwa nchi tatu za mbali, wakakaa miezi miwili katika hoteli zenye ufukwe, wakarudi wamenenepa na ripoti ya ukurasa mmoja. Ripoti ilisema: "Kustarehe kunawezekana." Baraza zima la Mawaziri lilisimama na kupiga makofi.

Basi likajengwa bwawa la kuogelea. Sitaki kusema uongo, lilikuwa bwawa zuri. Lilikuwa na vigae vya bluu, mteremko mpana wa kupita viti mwendo kutoka langoni mpaka ndani ya maji, vyuma vya kushikilia kila upande, na kiti cha kushushia kilichomteremsha mtu polepole mpaka majini bila kubebwa na yeyote. Fundi aliyelijenga ana dada asiyetembea, akaenda kumuuliza dada yake mambo yote kabla ya kuchimba. Kwa kosa hilo la kumuuliza mhusika badala ya kuiuliza kamati, fundi aliandikiwa barua ya onyo. Niliichapa mimi.

Lakini mjue desturi ya nchi ile. Kule, kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Daraja likikamilika, watu wanaendelea kuvuka mto kwa kukunja suruali, huku wakilitazama juu yao, mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Nina binamu yangu ambaye shule yao ilijengewa vyoo alipokuwa darasa la pili. Alimaliza la saba bila kuvijua ndani, na alifaulu vizuri tu, ila mpaka leo hapendi kukaa mahali penye foleni.

Bwawa nalo likafungwa utepe mwekundu langoni, wakawekwa askari wawili kuulinda kwa zamu. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri Profesa Injinia Bonaventura Sombi, na Waziri alikuwa na shughuli nyingi za kuzindua. Utepe ukapauka, tukabadilisha. Ukapauka tena, tukabadilisha tena. Ikapita miaka mitatu na miezi minne, na utepe ulikuwa wa saba.

Maji yenyewe lakini hayakukaa bure, msije mkafikiri sisi ni wazembe. Maji yasipokaguliwa huharibika. Kwa hiyo kila Jumamosi Mkurugenzi wetu, Bwana Nasibu Kilatu, aliingia kwa mlango wa nyuma na kaptura yake, na mkewe, na watoto watano, na mama mkwe wake, na sufuria la pilau, akakagua. Watoto walikagua kwa kurukia majini kutoka ukutani. Mama mkwe alikagua upande wa kina kifupi, na wakati mwingine alijisahau akafika kwenye kina kirefu. Jumatatu nilichapa taarifa: "Maji: mazuri. Kina: kinatosha. Hali ya wakaguzi: wameburudika." Sijawahi kuona idara inayojali maji kama ile.

*

Sasa niwatajie mtu aliyetusumbua.

Aliitwa Siwatu Ngwalizi, mama wa miaka hamsini na saba, fundi cherehani wa mtaa wa Mabanda. Miguu yake ilipooza alipokuwa mdogo, na alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Kila Alhamisi alikuja ofisini kwetu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti ya jengo ilikuwa imekamilika lakini haijazinduliwa, kwa hiyo Bi Siwatu aliegesha baiskeli chini uani na kuita kwa sauti iliyozoea kelele za cherehani.

"Karaniii!"

Nami nilishuka.

"Bwawa limefunguliwa?"

"Bado, mama. Waziri hajapata nafasi."

"Waziri hajapata nafasi, au mkasi haujapatikana? Kama ni mkasi, mimi nina mikasi saba. Chagueni."

Nilimweleza kwa adabu kwamba mkasi wa uzinduzi ni mkasi maalumu, unalala katika kasha lenye kitambaa cha mahameli. Akageuza baiskeli yake, akaenda zake. Alhamisi iliyofuata alirudi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa hivi kwa ajili ya maji. Akaniambia. Utotoni waliishi kando ya mto Kirumbi, na mama yake alikuwa akifua nguo za watu pale. Mama hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, akawa anamtumbukiza majini karibu naye ili amwone. Ndivyo Siwatu alivyojua kuogelea. Nchi kavu aliburuzwa kwenye kigunia, watoto wakimcheka, lakini majini aliwapita wote, na walimwita mamba. Akiwa na miaka kumi na mitatu wakahamia mjini, na tangu hapo hakugusa maji yanayozidi beseni.

"Miaka arobaini na minne, karani," alisema. "Na mabega haya ndiyo miguu yangu. Yanasukuma baiskeli, yanasukuma cherehani. Daktari ameniambia yanalika ndani, mwaka mmoja, miwili, hayatainuka tena. Mimi siombi nyumba wala cheo. Nataka kuogelea mara moja kabla hayajaisha. Mwambie huyo Mkurugenzi wako."

Nilimwambia Mkurugenzi. Akaguswa sana, akaniamuru nifungue jalada lenye jina "Mabega ya Mwananchi", likaenda kukaa kabatini.

Halafu kulikuwa na rafiki yake, Mzee Kitwana Lwambo, fundi redio asiyeona. Huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa ameandikishwa rasmi kwenye daftari letu la wanufaika. Utaratibu ulikuwa hivi: mtu mwenye ulemavu alitakiwa kupanda mwenyewe mpaka ghorofa ya nne athibitishe ulemavu wake. Waliofika waliambiwa kwamba wanaonekana wanajiweza. Mzee Kitwana alifika, akapewa fomu, akaambiwa aisome kwa makini kisha asaini, akasema haioni. Ofisa akaandika: "Ushirikiano mdogo, lakini amethibitika."

Mzee Kitwana alikuwa na pua kali. Kila alipokutana na Mkurugenzi siku ya Jumatatu alivuta hewa na kusema, "Shikamoo ya dawa ya bwawa, Mkurugenzi. Naona maji bado yapo." Mkurugenzi alicheka kwa sauti kubwa, na hakuna aliyecheka naye.

*

Mwaka wa nne, ikaja barua kutoka juu: Waziri atakuja kuzindua Jumatano ya wiki ya tatu. Ofisi nzima ikatetemeka. Mama mkwe wa Mkurugenzi aliambiwa akachukue kandambili zake.

Kwanza tulikusanya watu wenye ulemavu kutoka mitaani, wawe wanufaika kwa siku hiyo, tukawaagizia fulana mia mbili zenye maandishi "NAFURAHI". Zilikuja za saizi moja, ya mtu mkubwa sana, kwa hiyo wengine walifurahi mpaka magotini. Pili, tukaanza mazoezi ya kufurahi, mara tatu kwa wiki, chini ya mwalimu wa nyimbo za hamasa. Wenye viti mwendo walifundishwa kuinua mikono. Wasioona walifundishwa kuangalia upande atakaokaa Waziri. Viziwi walifundishwa kupiga vigelegele.

Mkurugenzi akasema lazima awepo mtu mmoja wa kuingia majini mbele ya Waziri, apigwe picha. Nikamtaja Bi Siwatu. Nilidhani namfanyia hisani, na bado nadhani hivyo.

Mazoezi yake yalifanyika nje ya lango, maana mnufaika hawezi kugusa maji ambayo hayajazinduliwa, isipokuwa mbele ya Waziri mwenyewe. Tulimtandikia turubai la bluu chini, juani, akalala kifudifudi na kurusha mikono, huku Mkurugenzi ameshika saa.

"Unaingia, unapiga maji mara nne, unatabasamu kwa wapiga picha," Mkurugenzi alimwelekeza. "Dakika moja. Nikipunga leso hii nyeupe, umetosheka. Unatoka."

"Nimetosheka?"

"Umetosheka, mama. Tufanye tena. Nataka nione uso wa mtu aliyetosheka."

Bi Siwatu alirusha mikono, turubai likamchubua viwiko, leso ikapungwa, akatosheka. Alitosheka mara kumi na moja siku ile. Nilimletea maji ya kunywa, nikaona machozi yake na vumbi la turubai vimechanganyika, nikatazama pembeni. Mzee Kitwana alikuwa amekaa kivulini, akikunja na kukunjua fimbo yake.

Ikabaki ratiba. Ratiba, katika nchi ile, ni kitu kitakatifu. Ikishasainiwa na Waziri hakuna anayeweza kuruka kifungu, na kifungu hakianzi mpaka kilichotangulia kiishe. Kuna mwaka mpiga ngoma alizirai katikati ya kifungu cha tano, na wageni wote walikaa wakimsubiri azinduke amalizie. Nilichapa kifungu cha kumi na nne hivi: "Bi Siwatu Ngwalizi ataogelea (dakika 1)."

Mkurugenzi alisoma, akakunja uso.

"Dakika moja? Wafadhili watakuwepo. Wataona tuna mkono mfupi. Andika kitu chenye moyo."

"Niandikeje, bosi?"

Akasimama dirishani, akafikiri, akatamka kwa sauti ya mtu anayehutubia uwanja: "Bi Siwatu Ngwalizi, kwa niaba ya wenzake wote, ataogelea mpaka atosheke."

Nikachapa. Kifungu cha kumi na tano kilikuwa hotuba ya mgeni rasmi, kurasa arobaini na moja. Cha kumi na sita, kukata utepe, ambao kwa siku hiyo ulihamishwa kutoka langoni ukafungwa mbele ya kiti cha Waziri. Waziri akasaini kila ukurasa, na kwenye kifungu cha kumi na nne akaongeza kwa mkono wake: "Safi sana!"

*

Siku ikafika. Wanufaika walipangwa juani saa moja asubuhi. Waziri alifika saa saba, akaomba radhi kwa kuwahi.

Tatizo la kwanza lilikuwa mteremko. Mheshimiwa ana goti lisilopenda ngazi, kwa hiyo mteremko ulitandikwa zulia jekundu ukawa Njia ya Heshima. Wenye viti mwendo wakaelekezwa kwenye ngazi kumi na tisa zilizo upande wa pili, ambazo fundi alizijenga kwa ajili ya wanaotembea. Askari walihema kuwabeba mmoja mmoja. Bi Siwatu alipitishwa hewani akiwa amelala chali, akaniona na kipaza sauti changu, maana siku ile mimi ndiye niliyekuwa mshereheshaji.

"Karani," alisema huku anapita, "leo hamjasahau maji?"

"Yapo, mama."

Mkalimani wa lugha ya alama naye alipewa kiti kizuri, nyuma ya hema la wageni, ambako asingewazibia watu. Mambo yote yalikwenda vizuri. Itifaki ilizingatiwa, ikazingatiwa tena, kila msemaji akaizingatia upya. Kifungu cha tisa, Mkurugenzi Kilatu akatoa taarifa ya mradi.

"Mheshimiwa Waziri!" aliunguruma. "Maji unayoyaona mbele yako hayajaguswa na binadamu! Tumeyatunza kwa miaka mitatu kwa ajili ya mkono wako! Mimi mwenyewe, Mkurugenzi, naapa mbele yako, sijui hata yana kina gani!"

Waziri akafuta jicho. Upande wa wanufaika Mzee Kitwana akapatwa na kikohozi kirefu.

Kifungu cha kumi na nne. Nikatangaza. Bi Siwatu alikuwa amevaa vazi la kuogelea alilojishonea mwenyewe, rangi ya damu ya mzee, la mikono mirefu, limepigwa pindo mara mbili. Wakamketisha kwenye kile kiti, kikashuka polepole. Maji yakamfika kwenye vidole vya miguu, ambavyo havina habari, kisha kiunoni, kisha mikononi, na hapo nikaona uso wake. Sikuuona uso ule kwenye turubai hata siku moja. Kipaza sauti kikanitoka mkononi, kikapiga kelele, watu wakaziba masikio.

Alipiga maji mara nne kama alivyofundishwa. Alitabasamu kwa wapiga picha. Mkurugenzi akatoa leso nyeupe.

Bi Siwatu akajisukuma kutoka kwenye kiti, akaondoka.

Mikono ya kwanza ilikuwa mibaya. Alikunywa maji, akazama mpaka nywele, na mimi nikaogopa kweli, nikajilaumu kwa kumtaja. Kisha mabega yakashika njia. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kichwa pembeni, pumzi, na mwili wote ukanyooka nyuma yake bila kuburuzwa na mtu. Alifika ukuta wa pili, akaugusa, akageuka.

Mkurugenzi alipunga leso. Waziri akadhani anasalimiwa, akatoa yake akapunga. Wafadhili wakapunga. Wanufaika, ambao walifundishwa kumfuata Waziri kwa kila kitu, wakapunga fulana. Uwanja mzima ulikuwa unapunga, isipokuwa mtu mmoja, ambaye mikono yake ilikuwa na kazi.

*

Baada ya dakika ishirini Waziri aliinama kwangu.

"Huyu mama anatosheka saa ngapi?"

"Haikuandikwa, Mheshimiwa."

Mkurugenzi aliniminya mkono. "Tangaza ametosheka!"

"Hajasema, bosi."

Wapo wanaodai kwamba nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa makusudi. Mimi nilishika kipaza sauti nikasoma kilichoandikwa, kwa sauti, pamoja na ile "Safi sana" ya Waziri. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akaenda mwenyewe ukingoni, akachuchumaa.

"Mama Siwatu, umetosheka?"

"Bado."

Alikwenda, akarudi.

"Mama, tafadhali. Tulikubaliana dakika moja."

"Tulikubaliana juu ya turubai, mwanangu. Juu ya turubai nilitosheka."

"Mheshimiwa ana hotuba!"

"Asome tu, naisikia."

Lakini hangeweza kusoma, maana kifungu cha kumi na tano hakianzi kabla cha kumi na nne hakijaisha. Mkurugenzi akawaita wale askari wawili walioulinda utepe miaka yote ile. Wakasimama wima, wakapiga saluti, wakasema hawajui kuogelea. Bi Siwatu kuona hivyo akageuka taratibu akaelekea kina kirefu.

"Mama!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Usiende huko! Hapo ni mita mbili na nusu! Na kigae cha nne kutoka kwenye kona kimepasuka, kinakata mguu!"

Uwanja mzima ukamgeukia.

"Umejuaje?" akauliza Waziri.

"Ni... ni kwenye ripoti, Mheshimiwa. Nimesoma kwenye ripoti."

Hapo mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa viti vya mbele na kilemba kikubwa, akaona mkwewe anaonewa na akataka kumsaidia.

"Anasema kweli, baba Waziri. Si ndicho kilichonikata mimi siku ile ya pilau? Mpaka leo nina alama."

Akaanza kuvua kiatu amwonyeshe.

Sitaeleza uso wa Waziri. Nitasema tu kwamba aliyatazama yale maji yasiyoguswa na binadamu, akautazama mguu wa bibi, akamtazama Mkurugenzi, na hotuba ya kurasa arobaini na moja ikaanza kuloa jasho mikononi mwake. Na kama Mkurugenzi alikuwa na wazo la kujitosa mwenyewe akamtoe Bi Siwatu, wazo hilo lilikufa palepale. Angeonekana anaogelea vizuri mno.

Ndipo Mzee Kitwana akapaza sauti.

"Karani! Ratiba inasema yuko mle kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya wenzake wote, mzee."

"Wenzake ndio sisi?"

"Ndio nyinyi."

"Basi mwambie namshukuru. Lakini mimi nataka kutosheka mwenyewe."

Akakunja fimbo yake nyeupe, akavua fulana ya NAFURAHI, akaikabidhi kwa mfadhili mmoja aliyekuwa karibu, akaufuata mlio wa maji mpaka ukingoni, akakaa, akateleza ndani. Maji yalimfika kifuani. Akasimama pale anacheka, anapiga maji kwa viganja, anageuza uso huku na huku.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kuzuia. Wenye viti mwendo waligeuka wote kwa pamoja wakaingia Njia ya Heshima, wakashuka kwa kasi juu ya zulia jekundu mpaka majini, na waheshimiwa waliokuwa wamesimama pale wakajua kuruka. Viziwi, ambao tangu asubuhi hawakuambiwa hata neno moja la sherehe ile, hawakuhitaji mkalimani wa kuwaeleza maji. Binti mmoja mwenye mguu wa bandia aliuvua, akauegemeza kwenye kiti cha Naibu Waziri, akaruka. Ile kwaya tuliyoifundisha kufurahi wiki zote zile ilisahau nyimbo zote, ikawa inapiga kelele tu kama watu wanaofurahi.

Waziri alisubiri mpaka saa kumi na moja. Kisha akasimama, akaondoka, na mkasi ukabaki kwenye mahameli. Taarifa ya habari ilisema sherehe imeahirishwa kwa sababu bwawa lilikutwa na maji.

*

Bi Siwatu alitoka jioni hiyo, midomo imefanya weupe kwa baridi, akasema hajatosheka ila ana njaa. Kesho yake alirudi. Alipita mlango wa nyuma, ule wa wakaguzi, ambao sasa mkaguzi yeyote wa Idara aliogopa hata kuusogelea. Mzee Kitwana alikuja naye. Jumatatu walikuwa kumi na wanane.

Mkurugenzi akataka kulifunga bwawa. Ofisa sheria akamwambia haiwezekani. Fomu ya kufunga ina nafasi ya kujaza tarehe lilipofunguliwa, na tarehe hiyo haipo. Akataka kuyamwaga maji. Ofisa akamuuliza maji yapi, kwa sababu kisheria pale hakuna bwawa. Wakati wanabishana ikaja barua ya Waziri, kali, kana kwamba yeye hakuwepo siku ile, inauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuingia katika bwawa ambalo halijazinduliwa, na kama yupo, Mkurugenzi ajieleze kabla ya kustaafishwa.

Mkurugenzi hakulala. Asubuhi aliniita, macho mekundu, akaniamuru nichape tamko, nakala za kutosha. Tukaenda naye mpaka bwawani, mimi nimebeba karatasi na kalamu. Tuliwakuta ndani kama kawaida. Bi Siwatu alikuwa peke yake upande wa kina kirefu, anaogelea kwa mkono mmoja, kwa sababu bega la kushoto lilishaanza kugoma. Alipotuona akaja taratibu, akashika chuma.

Mkurugenzi alipiga magoti kwenye vigae, na suruali yake ikalowa. Sijawahi kumsikia akiongea kwa unyonge vile.

"Mama, nina watoto watano. Nisomee hii, unisaidie."

Akamshikia karatasi. Bi Siwatu akafuta macho, akasoma kwa sauti, polepole:

"Mimi, Siwatu Ngwalizi, nikiwa na akili zangu timamu, natamka kwamba sijawahi kuingia katika bwawa hili, wala sijamwona mtu yeyote ndani yake."

Mzee Kitwana, aliyekuwa anaelea karibu, akasema kwamba hiyo sehemu ya pili hata yeye anaweza kuisaini.

Bi Siwatu hakucheka. Alimtazama Mkurugenzi, akanitazama mimi, akanyoosha mkono uliokuwa unachuruzika nikampa kalamu. Aliegemeza kiwiko ukingoni, kile kiwiko kilichochubuliwa na turubai, akasaini vizuri, jina lote, huku matone yakidondoka na kuufanya wino utambae. Mkurugenzi akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaanza kuipuliza ikauke.

"Asante, mama. Asante sana. Mungu akubariki."

"Sasa kaniletee na ya kesho," alisema Bi Siwatu, "na ya keshokutwa, nizisaini zote kabisa."

Akaachia chuma, akarudi kwenye kina kirefu.